Dalali si mwenye nyumba: adabu ya kununua makazi ng'ambo ya mpaka

Mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia au Mutukula kila wiki hufika siku akachoka kulipia chumba cha wageni. Mzigo wake uko upande huu, wateja upande ule, na anaanza kutafuta nyumba yake mwenyewe. Mahali asipo na ndugu wala jirani wa kuuliza, mtu wa kwanza kumpokea ni dalali.

Kabla ya kumpigia simu dalali huyo, kuna jambo la kujua. Wengi hudhani Soko la Pamoja la Afrika Mashariki limefungua milango yote, ardhi ikiwemo. Sivyo. Itifaki ya soko hilo, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, imeacha suala la ardhi na majengo chini ya sera na sheria za kila nchi mwanachama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kupangishwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Uganda nayo humpa asiye raia upangaji usiozidi miaka hiyo hiyo. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, haimpi ardhi asiye raia isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji.

Kwa hiyo adabu ya kwanza ni kusema ukweli. Mweleze dalali wewe ni raia wa wapi na unataka nyumba ya nini. Akikujibu, "Usijali, tutaandika jina la rafiki yangu," muage kwa heshima uondoke. Siku mkikosana, ofisi ya ardhi itamtambua yule ambaye jina lake limo kwenye hati, si wewe uliyetoa pesa.

Adabu ya pili ni kupatana ujira kabla ya kuanza kuzunguka. Ni kiasi gani, anayelipa ni mnunuzi au muuzaji, na italipwa lini? Je, kuna pesa ya kuonyeshwa, na nyumba isipopatikana itakuwaje? Uliza pia kuhusu cha juu. Mwenye nyumba akitaka milioni 40 na dalali akakutajia 45, hizo tano ni zake, na huenda bado akadai ujira. Kuuliza mapema si ubahili. Mapatano yakiwa wazi, hata yeye hufanya kazi kwa moyo. Yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu.

Tatu, usimruke. Dalali akikupeleka kwenye nyumba, si uungwana kurudi jioni peke yako kumaliza na mwenyewe ili kukwepa ujira. Na ukipelekwa kwenye nyumba ambayo dalali mwingine alikwisha kukuonyesha, sema hapo hapo, kabla wawili hao hawajaanza kugombania malipo. Miji ya mpakani ni midogo na habari hutembea. Dalali uliyemdhulumu leo ndiye utakayemhitaji kesho ukitafuta ghala la kuweka mzigo.

Lakini heshima ina mipaka yake. Kazi ya dalali ni kukutanisha. Pesa ya nyumba haipiti mkononi mwake. Inaingia benki kwenye akaunti ya mwenye mali, baada ya wakili kuandaa mkataba. Kabla ya hapo, hati ipekuliwe katika ofisi ya ardhi, na majirani na viongozi wa mtaa waulizwe. Mke au mume wa muuzaji naye asisahaulike: nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Nchini Kenya, kama ni shamba, kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi kinahitajika.

Dalali naye aulizwe anatambuliwa na nani. Kenya ina bodi ya kusajili mawakala wa nyumba na ardhi. Tanzania, kwa amri ya mwaka 2025, imewazuia wasio raia kufanya udalali wa nyumba na ardhi.

Dalali mwema hachukii maswali haya. Anajua mnunuzi aliyeridhika humletea wateja wengine. Anayekuharakisha kwa kusema kuna mtu anakuja na pesa jioni, mwache huyo mtu anunue. Mtaji uliokusanywa kwa miaka mingi ya kuvusha mizigo hauwezi kuamuliwa kwa saa mbili.

Mkishamaliza na hati ikiwa mkononi, dalali alipwe siku ile ile kiasi mlichopatana, bila kupunguziwa wala kuzungushwa. Naye atoe risiti. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.