Talaka ya Texas: Hati Iko Wapi?

Mama mpendwa, binti akiposwa na mwanamume wa Texas, Marekani, asemaye ameachana na mkewe, tusitosheke na maneno. Tuombe hati. Ofisi ya jimbo hutoa barua tu ya kuthibitisha talaka zilizoandikishwa tangu 1968. Nakala ya hukumu hupatikana kwa karani wa mahakama katika kaunti ilikotolewa.

Akisema ndiyo kwanza anafungua shauri, tuhesabu: mmoja wao awe ameishi jimboni miezi 6 na katika kaunti siku 90; kisha kwa kawaida hungojwa siku 60 kabla ya hukumu, na siku 30 zaidi kabla ya kuoa mwingine.

Mchumba mkweli hachukii kuulizwa. Afadhali aibu ya swali kuliko machozi ya binti aliyeolewa na mume wa mtu.