Ningu wa Nzoia Hatoki Baharini

Kila ninapozungumzia vijiwe vya masikio ya samaki mbele ya wafugaji na walimu wa Kitale au Bungoma, mkono wa kwanza kuinuka huuliza lile lile: “Daktari, ningu anayepanda Nzoia wakati wa mvua hutoka baharini?” Hatoki. Wengi wamesikia kwamba vijiwe hivyo hufichua safari kati ya maji chumvi na maji baridi, wakadhani kila samaki anayepanda mto ameanzia kwenye chumvi.

Chukua ramani. Maji ya Kitale yana njia mbili tu. Yanayoshika Nzoia hupita Webuye na kuingia Ziwa Viktoria karibu na Port Victoria. Yanayoangukia upande wa Suam hufuata Turkwel hadi Ziwa Turkana, ambalo halina mto wa kutokea. Bahari Hindi haimo kabisa. Bahari pekee iliyounganishwa na Nzoia, kupitia mto Nile, ni Mediteranea, zaidi ya kilomita 5,000 kutoka Jinja, Nile inapoanzia ziwani, na katikati yapo Bwawa la Aswan na maporomoko ya Murchison, yenye urefu wa mita zipatazo 40.

Anayedhani samaki huruka maporomoko hayo amtazame mbuta. Mbuta alikuwa tele Ziwa Albert, chini ya Murchison. Samaki huyo mwenye nguvu zote hizo hakuweza kupanda. Aliingia Viktoria miaka ya 1950, kwa mikono ya watu. Ikiwa mbuta alishindwa kutoka Albert, ningu atatokaje Misri?

Hapo huja swali la pili: “Na kamongo je, si ni mkunga?” Si mkunga. Mkunga wa mitoni Kenya yuko katika mito kama Tana na Sabaki. Huzaliwa Bahari Hindi, hukulia mtoni, kisha hurudi baharini kuzaa. Kamongo ana mapafu. Kinamasi kikikauka hujizika matopeni, na mvua ikirudi huibuka pale pale ambapo jana hukuona samaki. Hakutoka mbali, ulikuwa unamkanyaga.

Turudi kwenye kijiwe. Hukua tabaka kwa tabaka, siku baada ya siku, na mwili hauyayeyushi tena matabaka hayo. Kila tabaka hunasa chembe za strontiamu na bariamu za maji ya siku hiyo. Kwa mkunga wa Sabaki kazi ni nyepesi: bahari ina strontiamu nyingi, mto kwa kawaida una kidogo, kwa hiyo kiini cha kijiwe husomeka chumvi na matabaka ya nje husomeka mto. Kwa ningu, kutafuta chumvi ni kupoteza fedha za maabara. Tunachopima ni uwiano wa isotopu mbili za strontiamu, 87 kwa 86, ambao mto huurithi kutoka kwenye miamba yake. Mlima Elgon ni volkano, na uwiano wake uko chini. Milima ya Cherangani ni ya miamba ya kale mno, na uwiano wake uko juu zaidi. Kati ya vijito vya Nzoia, Kuywa hutoka Elgon, Moiben hutoka Cherangani. Samaki aliyezaliwa upande mmoja hubeba alama yake hata akikulia ziwani. Ila jihadhari: maji ya bahari yote duniani husomeka 0.7092, na mto wa miamba ya kale waweza kukaribia namba hiyo hiyo. Anayesoma namba bila kupima mito kwanza atakutangazia bahari isiyokuwapo.

Swali lenye faida ni hili: ningu wanaonaswa ziwani wamezaliwa katika kijito kipi? Mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr aliandika kuhusu kuporomoka kwa uvuvi wa ningu wa Nzoia. Nyavu zilitegwa mdomoni mwa mto, zikawanasa majike wenye mayai kabla hawajazaa. Tukikijua kijito, tunajua pa kulinda.

Kwa wanaotaka kusaidia, kwa haraka: tunza kichwa. Ningu ana jozi tatu za vijiwe. Acha asteriskasi, kile kikubwa, kwani fuwele zake mara nyingi hukataa strontiamu. Chukua lapilasi, kile kidogo kama punje ya wimbi, kwa koleo la plastiki. Kioshe kwa maji safi, kikaushe, kitie kwenye bahasha ya karatasi. Usitumie formalini, hukiyeyusha. Andika mahali, tarehe na urefu wa samaki. Chota pia maji ya kijito kwenye chupa safi. Peleka kituo cha KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, kilichoko Kisumu, au chuo kikuu chenye idara ya uvuvi.

Na mvua za Machi zikianza, nyavu zitolewe mdomoni mwa Nzoia hadi majike wapite. Hilo halihitaji maabara.