Mtoto anavunjika mifupa kila mara? Usianze kwa kumlaumu mama

Nilipokuwa nasoma shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Muleba, jirani yetu alikuwa na mtoto wa kiume aliyevunjika kila mara. Leo ameteleza kwenye kibanja baada ya mvua, mkono umevunjika. Miezi michache baadaye amejikwaa mlangoni, mguu nao umevunjika.

Majirani wakaanza kunong'ona. Wapo waliosema mama yake anampiga wakiwa ndani, wapo waliosema mtoto amerogwa. Mwishowe mama yule akawa anakwenda kisimani jioni sana, wenzake wakiwa wameshaondoka.

Mtoto alikandwa, akafungwa vijiti, mfupa ukaunga ukiwa umepinda. Hakuna aliyempeleka kupigwa picha, kwa hiyo hakuna daktari aliyewahi kuupa ugonjwa wake jina. Nilikuja kumkumbuka nikiwa chuo kikuu, siku tulipofundishwa kuhusu kolajeni.

Fito na udongo

Kolajeni ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini, karibu theluthi moja ya protini zote tulizonazo. Zipo aina zaidi ya 20, lakini aina ya kwanza ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Imo kwenye ngozi, kwenye kano, kwenye meno, kwenye weupe wa jicho na ndani ya mifupa.

Ili kuielewa, kumbuka nyumba ya miti na udongo. Kabla ya kukandika, fundi husimamisha miti na kufunga fito. Udongo bila fito huporomoka, na fito bila udongo hulegea. Mfupa nao umejengwa hivyohivyo: kolajeni ndiyo fito, madini ya kalsiamu na fosforasi ndiyo udongo. Madini huupa mfupa ugumu, kolajeni huufanya uhimili kishindo bila kukatika.

Kolajeni aina ya kwanza husokotwa kwa nyuzi tatu, kama kamba. Maelekezo ya kuzitengeneza yamo kwenye vinasaba viwili. Kimoja kikiwa na kosa, mwili hutengeneza nyuzi chache au nyuzi zisizosokotana vizuri. Ugonjwa unaotokana na hali hiyo kitabibu huitwa osteojenesisi imperfekta, yaani mifupa kuvunjika kirahisi. Duniani humpata takriban mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Wengine huvunjika mara chache tu maisha yao yote, wengine huzaliwa tayari wamevunjika.

Unatoka wapi?

Mara nyingi mzazi mwenye ugonjwa huu ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuurithisha kwa kila mimba. Lakini wapo watoto wengi ambao baba na mama zao ni wazima kabisa. Kosa hutokea upya kwenye kinasaba, mtoto anapotungwa. Hausababishwi na laana, wala na chakula alichokula au alichokosa mama akiwa mjamzito.

Dalili za kuangalia

- Mifupa kuvunjika kwa kishindo kidogo, tena mara kwa mara.
- Weupe wa jicho kuwa na rangi ya bluu au kijivu. Kwa mtoto mchanga rangi hiyo inaweza kuwa ya kawaida, na wapo wagonjwa ambao hawana dalili hii kabisa.
- Meno yenye rangi ya kahawia au kijivu, yanayokatika upesi.
- Viungo kulegea, kimo kifupi, miguu au mgongo kupinda.
- Ndugu wa damu aliyevunjika mara nyingi, au aliyepungukiwa usikivu akiwa bado kijana.

Si kila mtoto anayevunjika ana ugonjwa huu. Matege yanayotokana na upungufu wa vitamini D nayo hudhoofisha mifupa. Wapo pia watoto wanaopigwa kweli, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawalinda. Ndiyo maana majibu yanatakiwa kutoka kwa daktari, si kwa majirani.

Supu ya kongoro haitibu

Wengi wetu tumelelewa tukiamini supu ya kongoro huunga mfupa. Supu hiyo ina kolajeni kweli, ndiyo inayoganda ikipoa. Lakini tumbo huivunjavunja kama protini nyingine yoyote. Mwili wenye maelekezo yenye kosa utasokota tena nyuzi zilezile dhaifu. Unga wa kolajeni unaouzwa mitandaoni nao hausahihishi kinasaba. Hata maziwa na vidonge vya kalsiamu peke yake ni kuongeza udongo kwenye fito mbovu.

Hata hivyo lishe ina kazi yake. Mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara bila vitamini C. Ikikosekana kwa muda mrefu, fizi hutoa damu na vidonda havifungi. Mapera, machungwa, mapapai na mananasi yanatosha kuipata.

Pa kwenda

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ueleze mara zote mtoto alizovunjika, hata zile za zamani. Muleba kuna hospitali za Rubya na Ndolage, na mjini Bukoba ipo hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikihitajika, rufaa huenda Bugando jijini Mwanza au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuondoa, lakini una matibabu. Zipo dawa za kuimarisha mifupa ziitwazo bisfosfonati, upasuaji wa kuweka vyuma ndani ya mifupa mirefu, na mazoezi ya viungo.

Nyumbani

Usimnyanyue mtoto kwa kumshika makwapani, wala usimwinue kwa miguu unapombadilisha nepi. Pitisha mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya kichwa na mabega. Akivunjika, usikubali akandwe au avutwe. Kiegemeze kiungo kilivyo, umpeleke hospitali.

Usimfungie ndani pia, maana mifupa isiyotumika huzidi kudhoofu. Mpeleke shule na uzungumze na mwalimu wake kuhusu michezo anayoiweza na ya kuepuka.

Na kama mtoto huyo ni wa jirani, mpunguzie mama yake mzigo. Badala ya kunong'ona, msindikize hospitali.