Amana ya Jua

Mwezi wa Julai, baridi inapoishika Nairobi barabara, chupa ya mafuta ya nazi niliyoletewa kutoka Malindi huganda ikawa nyeupe mithili ya nta, nami hulazimika kuianika dirishani hata jua la adhuhuri liirudishie hali yake. Mwenye subira ya kuitazama ataona ajabu: mafuta hayo, yakisha kufikia kiasi cha nyuzi 24, huendelea kulinywa jua yasizidi kupata moto, kwa maana joto lote hilo hutumika katika kuyeyusha tu; na jioni, yanapoganda tena, huliachilia lile lile yalilolinywa mchana. Wataalamu wa elimu ya maumbile huliita joto fiche, na jina limewafiki, kwani limo ndani ya kitu na mkono wa mwanadamu haulihisi.

Kwetu sisi hayo ni ya chupa ya mafuta. Lakini katika nchi za theluji, ambako jua hufurika wakati wa kiangazi pasipo na haja nalo, kisha likaadimika mchana ukiwa mfupi na nyumba zikiwa baridi kama kaburi, kulinasa joto si kazi kubwa hata kidogo, bali kazi ni kuliweka. Mwaka 1938 tajiri mmoja wa Boston, Godfrey Lowell Cabot, alikipa chuo cha MIT fedha za kutafiti nguvu za jua, na mwaka uliofuata Hoyt Hottel na wenziwe wakajenga nyumba ya kwanza ya majaribio, ya vyumba viwili, iliyokalia tangi la maji la kiasi cha lita 66,000. Maji yalipashwa moto kwa jua la kiangazi yakahifadhiwa mpaka majira ya baridi, na nyumba ikapata joto kama ilivyokusudiwa. Walakini gharama ya tangi ilikuwa kama ya mtu amjengeaye kuku mmoja zizi la ng'ombe.

Ndipo alipotokea Maria Telkes, bibi mwenye elimu ya kemia aliyezaliwa Budapest mwaka 1900, akashika shauri jingine kabisa. Yeye aliikusudia chumvi ya Glauber, ndugu wa ile chumvi ya haluli waliyonyweshwa wazee wetu ili kusafisha tumbo, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 32, yaani joto lililozidi kidogo lile liufaalo mwili wa binadamu chumbani. Hesabu yake haikuwa ya kubahatisha: kilo moja ya maji, ikipandishwa kutoka nyuzi 25 hata 35, huweka kilojuli 42 hivi, ilhali kilo moja ya chumvi hiyo, kwa kuyeyuka tu, huweka kama 250.

Nyumba yake ilisimamishwa Dover, katika jimbo la Massachusetts, mwaka 1948, kwa ramani ya Eleanor Raymond na mali ya Amelia Peabody, mchonga sanamu. Wanawake watatu, katika zama ambazo wanaume wa kazi hiyo walikuwa hawajazoea kuulizwa na mwanamke hata bei ya msumari. Ghorofa ya juu, upande wa kusini, ilikuwa ukuta wa vioo, na nyuma ya vioo mabati meusi. Hewa iliyopata moto hapo ilisukumwa kwa feni hata kwenye vijumba vilivyofichwa kati ya vyumba, ambamo tani 21 za chumvi zilipangwa ndani ya madebe. Desemba ya mwaka huo jamaa zake Telkes wakahamia humo, na baridi mbili za mwanzo mambo yakaenda vyema. Baridi ya tatu nyumba ikashindwa.

Sababu yake inastahili kutazamwa kwa karibu. Chumvi ya Glauber ni sulfeti ya sodiamu iliyokumbatia maji, chembe moja kwa maji kumi. Inapoyeyuka, maji hayo hayatoshi kuilainisha yote, na iliyobaki, kwa kuwa ni nzito, hutuama chini ya debe kama masimbi ya kahawa. Joto likipungua, fuwele huanza kuota juu ya masimbi hayo, zikafanya gamba gumu litenganishalo chumvi ya chini na maji yake ya juu, hata vikawa kama mke na mume walio nyumba moja wasiosemezana. Kila mara ya kuyeyuka na kuganda gamba huzidi unene, na amana inayorudi hupungua. Juu ya hayo, madebe yenyewe yaliliwa na kutu. Zaidi ya hayo, chumvi hiyo ina ukaidi wa kupoa chini ya nyuzi 32 pasipo kuganda, na Telkes mwenyewe ndiye aliyeonyesha baadaye kwamba boraksi kidogo huipa mahali pa kuanzia.

Wengi waliifanya nyumba ya Dover kuwa kichekesho, nami naona hawakumtendea haki, kwani kosa lilikuwa la haraka: jambo la kemia lililohitaji kurudiwa mara nyingi maabarani lilipewa familia ilale nalo. Telkes hakuliacha; mwaka 1973, akiwa amepita umri wa miaka 70, alikuwa katika Chuo Kikuu cha Delaware, ambako nyumba iitwayo Solar One ilijengwa na kutumia tena chumvi za namna hiyo.

Siku hizi watafiti wa Chuo Kikuu cha Eindhoven, Uholanzi, wameigeukia kabonati ya potasiamu kwa njia iliyo tofauti: wao hawaiyeyushi, bali huikausha kwa joto, kisha siku ya baridi huipitishia mvuke wa maji, nayo kwa kuunywa mvuke huo hutoa joto. Uzuri wake ni kwamba chumvi iliyokauka, maadamu haikufikiwa na unyevu, yaweza kukaa miezi mingi ikiwa baridi kabisa na amana yake haikupungua, jambo ambalo tangi la maji, hata likivikwa blanketi nene namna gani, haliwezi. Taabu iliyosalia ni ile ile ya madebe ya Dover kwa sura nyingine, kwa kuwa punje za chumvi huvimba zinapokunywa na kunywea zinapokauka, zikapasuka au zikagandamana. Kwa hiyo kazi kubwa ya maabara za aina hii ni kuikausha na kuinywesha, kuikausha na kuinywesha tena, huku mtu mmoja ameketi akihesabu.