Je, Wajua? Ugomvi wa Inzi Una Hesabu Yake

Je, wajua kuwa vijinzi wanaozengea ndizi zilizoiva kupita kiasi sokoni Litein au Sotik hupigana? Mwanasayansi Mmarekani Alfred Sturtevant aliliandika hilo mwaka 1915: madume wawili wanaomtaka jike mmoja hutanua mabawa, hukimbiliana na kugongana vichwa.

Wajua ugomvi huo hupimwaje? Madume wawili hutiwa kwenye kijichumba chenye kikombe cha chakula, kamera ikitazama. Mwaka 2002 kundi la Edward Kravitz wa Harvard liliweka humo pia jike aliyekatwa kichwa, ili kuwe na cha kugombea. (Maabara haina haya.) Pigo linalohesabiwa zaidi ni hili: dume husimama kwa miguu ya nyuma, kisha hujibwaga juu ya mwenzake. Huangaliwa pia pigo la kwanza limechelewa kiasi gani, na nani amebaki na kikombe. Tangu 2009 kuna programu ya kompyuta inayohesabu yote kwenye video.

Majike nao hugombana, ila kwa kusukumana na kupigana vichwa. Dume aliyeshindwa huelekea kushindwa tena. Aliyelelewa peke yake huwa mkali kuliko aliyekulia kundini.

Baridi je? Hiyo huwachelewesha kukua. Kwa nyuzi 25 yai huwa inzi kamili kwa siku 10 hivi. Kwa nyuzi 18, hali ya kawaida Kericho, muda huo hukaribia kuwa maradufu.

Wajua Kenya ina vita vyake? Hapa ni inzi wa jamii nyingine, wale wanaotoboa matunda na kutaga ndani. Mgeni kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, alionekana nchini mwaka 2003. Huko Nguruman, Kajiado, hakumaliza miaka minne kabla ya kumng'oa mwenyeji, Ceratitis cosyra, kwenye maembe: kati ya inzi walionaswa mitegoni, 98% walikuwa wageni. Sunday Ekesi na wenzake wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, waliwakutanisha mahasimu hao juu ya embe, kwenye joto la nyuzi 15 hadi 30, wakihesabu nani anamfukuza nani. Mgeni ndiye aliyefukuza zaidi. Hata funza wake waliwazidi nguvu wale wa mwenyeji ndani ya tunda.

Inzi hawa wa matunda hawagusi majani chai. Lakini kama una mwembe au mpera kando ya chai yako, usiyaache matunda yaliyooza chini: yafukie nusu mita kwenda chini.