Carey Francis: Kutoka Cambridge Hadi Pumwani

Edward Carey Francis alipostaafu ukuu wa Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, mwaka 1962, umri wake ulikuwa unakaribia miaka 65. Uhuru wa Kenya ulikuwa mlangoni, na Waingereza wengi walikuwa wakifunga virago. Yeye alishuka Nairobi hadi Pumwani, mtaa wa Waafrika uliojengwa tangu miaka ya 1920, akaingia darasani katika shule ya upili ya pale kama mwalimu wa kawaida, chini ya uongozi wa mtu mwingine.

Hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kushuka ngazi kwa hiari. Mwaka 1928 alikuwa mhadhiri wa hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge, kazi ambayo wengi wangeing'ang'ania hadi uzeeni. Aliiacha, akaja kuongoza shule ya misheni ya Maseno, karibu na Kisumu. Alikaa huko miaka 12, kisha mwaka 1940 akahamia Alliance. Hakuoa. Shule ndiyo ilikuwa nyumba yake, na wanafunzi ndio walikuwa jamaa zake.

Alikuwa mkali. Ratiba ilifuatwa kwa dakika, sala haikukosekana, na uvivu haukuwa na pa kujificha. Siasa hakuipenda, na hilo linafanya orodha ya wanafunzi wake iwe ya kushangaza. Oginga Odinga, aliyepita mikononi mwake Maseno, alikuja kuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya. Baraza la kwanza la mawaziri nalo lilijaa vijana wa Alliance. Mwalimu aliwafundisha kufikiri wenyewe, nao wakafikiri hadi pale ambapo yeye hakutaka wafike.

Mtihani mkubwa ulikuja wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952 dhidi ya uasi wa Mau Mau. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuja kuwa mwandishi, aliingia Alliance mwaka 1955, huku kaka yake akiwa msituni pamoja na wapiganaji wa Mau Mau. Muhula wa kwanza ulipoisha, kijana huyo alirudi nyumbani Limuru na sanduku lake, akakuta kijiji chao hakipo tena. Nyumba zilikuwa zimebomolewa na watu wamehamishwa kwa nguvu. Mvulana wa namna hiyo angeweza kupotea kabisa, lakini alirudi darasani, akamaliza mwaka 1958 na kwenda Makerere. Carey Francis aliwapinga Mau Mau waziwazi, tena kwa maneno makali. Lakini pia aliukemea ukatili wa askari wa serikali, iliyokuwa serikali ya watu wake mwenyewe. Hapo ndipo heshima yake machoni pa wanafunzi ilipojengeka, hata kwa wale waliomwona kuwa mtu wa mkoloni.

Na kwa kweli alikuwa mtu wa enzi hizo. Benjamin Kipkorir, aliyesoma Alliance kabla ya kuwa mwanahistoria, aliichambua shule hiyo katika tasnifu yake ya Cambridge bila kuficha jinsi ilivyofungamana na utawala wa kikoloni. Ngũgĩ naye alitumia maisha yake yote kupigana na elimu iliyomfunza Mwafrika kudharau lugha yake. Hata hivyo, alipoandika kumbukumbu za Alliance zilizotoka mwaka 2012, mwalimu wake mkuu alipewa nafasi kubwa na ya haki. Kwa maoni yangu, mwalimu hawezi kupata ushahidi bora kuliko huo: mwanafunzi aliyempinga katika jambo zito, akamkumbuka kwa heshima zaidi ya miaka 50 baadaye.

Carey Francis alifariki mwaka 1966, akiwa bado mwalimu wa Pumwani. Habari za Maseno na Alliance zimeandikwa sana, kwa kuwa wakubwa walisoma huko. Za Pumwani ni chache, ingawa ndiko alikochagua kumalizia kazi, kwa watoto ambao hawakuwa na jina lolote. Waliokaa kwenye madawati yale sasa wamevuka miaka 70. Walio na wazee kama hao nyumbani wawaulize mapema, na wayaandike watakayosimulia.