Kompyuta inaporudi kutoka kwa fundi bila mafaili

Fundi mwangalifu huuliza kwanza kama mteja ana nakala ya mafaili yake. Wengi hawaulizi, wakaweka Windows upya, na hesabu za duka zikatoweka. Hata hivyo, diski ya kawaida ikifomatiwa haraka, kinachofutika ni orodha ya mafaili tu. Yaliyomo hubaki hadi mengine yaandikwe juu yake. Hivyo kompyuta izimwe mara moja, diski itolewe na kusomwa kupitia kompyuta nyingine. Kupakua programu ya uokoaji kwenye diski ileile kwaweza kuyaangamiza. Diski za SSD hazina subira hiyo, kwani amri ya TRIM huziruhusu kusafisha nafasi zilizoachwa wazi. Diski inayogongagonga isiwashwe tena: huenda vichwa vyake vinakwaruza sahani zilizobeba data.